Rimu na matairi ya Toyota 86 iliyoshushwa: pima kwanza, nunua baadaye

Wateja wanaotuletea Toyota 86, gari dogo la michezo, kwa kawaida huanza na swali moja, nalo ni kama rimu za inchi 18 zitaingia. Zitaingia. Kinachogusa fenda au shokapu ni tairi, na mahali tairi linapokaa huamuliwa na upana wa rimu pamoja na ofseti yake, yaani umbali wa milimita kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaobana kwenye habu (sehemu ya gari inayofungiwa gurudumu). Kwa sababu hiyo tunamwomba mteja ashushe gari kwanza, aliendeshe mpaka springi zikae, kisha ndipo tupime nafasi iliyobaki. Rimu zilizonunuliwa kabla ya hapo ni bahati nasibu.

Matoleo mengi ya gari hili yalitoka kiwandani na rimu ya 17x7 (kipenyo na upana kwa inchi) yenye ofseti 48 na tairi la 215/45R17 (upana kwa milimita, kimo cha ukuta kama asilimia ya upana huo, na kipenyo cha rimu kwa inchi), ambalo kipenyo chake chote ni takriban milimita 625. Tairi la 215/40R18 hufikia 629, na ni kipimo ambacho Toyota yenyewe ilikiweka kwenye baadhi ya GR86, kizazi cha gari hili kilichofuata. Lile la 225/40R18, ambalo huulizwa sana, hufikia 637. Tofauti ya milimita 12 huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini nusu yake hula nafasi ile ile ya juu ambayo umekwisha kuipunguza kwa kushusha gari, na spidomita nayo itasoma pungufu ya ilivyokuwa ikisoma kwa karibu asilimia 2.

Hesabu ya ofseti ndiyo inayowachanganya wengi, ingawa si ngumu. Rimu ya inchi 8 ni pana kuliko ya inchi 7 kwa milimita 25.4. Ikiwa na ofseti 45, karibu milimita 10 za upana huo huingia ndani kuelekea shokapu, na karibu 16 hutoka nje kuelekea fenda. Ikiwa na ofseti 35, upande wa ndani haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, lakini ukingo wa nje husogea karibu milimita 26, na kwenye gari lililoshushwa hapo ndipo tairi hukutana na ukingo wa fenda kila gari linapotua kutoka kwenye tuta. Kwa gari la kila siku lililoshushwa milimita 30 hivi, sisi huchagua 17x8 yenye ofseti 45 na kubaki na tairi la 215/45. Anayetaka rimu itokeze zaidi tunamfungia, ila tunamweleza mapema kwamba kingo za fenda zitalazimika kukunjwa.

Kuna mtego mwingine kwa wanaotafuta rimu za mtumba. Toyota 86 ina nati tano kwenye duara la milimita 100, sawa na Premio, Caldina na Wish ya kwanza, hivyo muuzaji ataapa kwamba rimu zao zinaingia. Gari hili, hata hivyo, liliundwa na Subaru: kitovu cha habu yake ni milimita 56.1, wakati tundu la rimu hizo za Toyota ni 54.1, na rimu haiwezi kukaa mpaka mkerezaji alipanue tundu hilo. Nati pia ni za Subaru, zenye uzi wa 12x1.25. Fundi akilazimisha nati za Toyota za 12x1.5 kwa bunduki ya upepo, ataharibu uzi wa stadi (bolti za habu), na kazi ya kuzing'oa stadi hizo ni ghali kuliko seti nzima ya nati sahihi. Rimu za Impreza za duara la 100 huingia bila kuchongwa chochote.

Baada ya kufunga, tunapaka chaki kwenye plastiki nyeusi iliyo ndani ya fenda, tunapakia watu wanne, kisha tunapita polepole juu ya tuta, kwanza usukani ukiwa umenyooka, halafu ukiwa umekatwa mpaka mwisho kila upande. Mahali chaki ilipofutika ndipo tairi linapogusa. Mguso mwepesi kwenye plastiki wakati usukani umekatwa kabisa hurekebishika kwa kuipasha moto na kuisukuma, lakini alama kwenye chuma cha fenda au kwenye shokapu ina maana kwamba kipimo kile hakifai. Alaimenti hufanywa siku hiyo hiyo, kwa kuwa kushusha gari hubadilisha pembe za magurudumu, na tairi jipya linaweza kulika upande wa ndani kabla mwenyewe hajaona.

Kazi moja hatuifanyi, nayo ni kuvuta tairi jembamba juu ya rimu pana ili ukuta wa tairi, yaani ubavu wake, ulale. Ukuta wa 215/45 una takriban milimita 97, ule wa 215/40 una 86, na kwenye barabara zenye mashimo kila milimita inayoondoka hapo huhamishia pigo kwenye rimu. Tairi lililovutwa huiacha kingo ya rimu wazi kabisa. Mteja akituletea kimo cha gari kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, kwa magurudumu yote manne, pamoja na namba zilizoandikwa nyuma ya rimu anayoitamani, tunaweza kumpa jibu kabla hajalipa.