Mheshimiwa, naomba ufunguo wa chumba changu

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Afya wa kaunti ndogo yetu, Nairobi.

Salamu nyingi, na natumai mvua ya juzi haikukufikia huko ofisini. Huku kituoni ilifika, na ilikikuta kiti.

Kiti chenyewe nilikitengeneza kwa mikono yangu. Makartoni niliyaomba kwa wenye maduka ya Kayole, nikayakata na kuyabandika tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga wa ngano, nikayavika vipande vya magazeti, nikaanika. Ilichukua wiki mbili na ushei, maana Aprili jua la Nairobi ni la kuvizia. Kilibaki kupakwa vanishi tu kisiingie maji, na vanishi ilikuwa inangoja mshahara ambao, wajua mwenyewe, nao ulikuwa unangojwa.

Jumatano nilipofika, kufuli la chumba changu cha tiba-kazi, ninamowafunza wagonjwa kujifanyia mambo ya kila siku, lilikuwa jipya. Mikeka, mipira na vijiko vyangu vilivyovikwa mpira viliwekwa nje ukingoni mwa baraza. Kiti kilikuwa kimerudi kuwa uji. Nikachungulia dirishani: makartoni ya fomu mpaka darini. Mimi ninayezunguka madukani nikiomba makartoni!

Karani anasema aliagizwa na mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo anasema amri ilitoka juu. Na juu, kwa hesabu yangu, ni kwako.

Saa nne akaingia mama niliyemtengenezea mwanawe kile kiti, kutoka Mukuru, matatu mbili, mtoto wa miaka sita mgongoni. Mtoto ana mtindio wa ubongo. Asiposhikiliwa nyonga na kifua, kichwa huanguka nyuma, na akilishwa hivyo chakula hukosea njia kikaelekea mapafuni. Mwaka huu amelazwa mara mbili kwa nimonia. Mama alikitazama kile kiti, akanitazama mimi, akauliza, "Daktari, nirudi lini?" Sikuwa na jibu, Mheshimiwa. Nilimrudishia nauli.

Huenda waliokushauri wanadhani tiba-kazi ni kuwatafutia watu kazi. Si wa kwanza. Mwenzangu wa fiziotherapia humwinua mgonjwa wa kiharusi akasimama. Mimi namuuliza, ukishasimama, shati utalifungaje kwa mkono mmoja? Nina mzee mmoja wa Dandora, fundi viatu, aliyechukua miezi mitano kujifunza upya kushika sindano. Sasa anashona. Polepole, na viatu vya wateja wavumilivu, lakini anashona.

Nakukumbusha pia, kwa heshima, kikao cha Februari mwaka jana. Ulisema kila kituo kitakuwa na chumba cha urekebishaji chenye vifaa, na sisi tunaotembelea nyumba tutapewa nauli. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga sana. Tangu siku hiyo, nauli ya kufika kwa wagonjwa natoa mfukoni: bodaboda shilingi 50 kukiwa kukavu, 100 mvua ikianza. Leseni tuliyowekewa na sheria ya wataalamu wa tiba-kazi ya 2017 nailipia mwenyewe. Na tangu wahudumu wa afya ya jamii wapewe mikoba yao ya vifaa mwaka 2023, wanafanya kazi nzuri mno: wanabisha kila mlango, wanawapata watoto waliokuwa wamefichwa vyumba vya ndani, halafu wanawaleta kwangu. Kwangu wapi sasa? Barazani?

Nilikuwa nimepanga kudai mengi. Msaidizi, maana niko peke yangu. Mbao, maana karatasi ni karatasi. Hata hiyo nauli. Nimeyafuta yote, yasije yakakuchosha kusoma. Naomba ufunguo. Fomu zinaweza kulala popote, hata kwenye ile ofisi ya mwisho ambayo haijafunguliwa tangu Krismasi. Ufunguo tu, Mheshimiwa, wa lile kufuli jipya.

Na mkishazitoa fomu, makartoni msiyatupe. Nishaanza kukata kiti kingine, na mama nimemwambia aje Jumatatu, saa mbili asubuhi. Tutakuwa pale mlangoni.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa tiba-kazi, aliyeko barazani