Sauti Inapasuka Ukiunganisha Miksa na Sabufa au Kamera? Usibadilishe Kifaa Bado

Wateja wengi wanaotuletea miksa kwa matengenezo hutueleza jambo lilelile. Ukumbini, kwenye spika kubwa, sauti ni safi kabisa. Lakini waya uliokwenda kwenye sabufa ya chumba cha pembeni, kwenye kamera ya kurusha ibada mubashara au kwenye kompyuta ya kurekodia unatoa sauti iliyopasuka, inayokwaruza kila mwimbaji anapopandisha. Fundi mmoja amewaambia chaneli imekufa, mwingine amewaambia wanunue amplifaya mpya. Mara nyingi hakuna kilichokufa. Miksa inatoa umeme wa sauti mwingi kuliko ule ambao kifaa cha nyumbani kimetengenezwa kuupokea, na hakuna mtu aliyeupunguza njiani.

Mitambo ya kazi, yaani miksa za ukumbini na vifaa vya studio, hufuata kiwango kinachoandikwa +4 dBu, ambacho ni volti 1.23. Sabufa, deki na amplifaya za nyumbani, zile zenye matundu ya RCA mekundu na meupe, hufuata -10 dBV, ambayo ni volti 0.316. Ukigawanya, miksa inatoa karibu mara nne ya kinachotakiwa. Wapo wanaoona +4 na -10 wakahesabu tofauti ya desibeli 14 (desibeli, au dB, ni kipimo cha nguvu ya sauti). Hapana. Zile herufi za mwisho zina kazi yake: dBu huhesabiwa kuanzia volti 0.775, kipimo kilichorithiwa kutoka kwenye laini za simu, na dBV huhesabiwa kuanzia volti 1 kamili. Tofauti halisi ni desibeli 11.8, nasi dukani tunachukulia 12.

Na hapo tunazungumzia sauti ya kawaida tu. Pigo la ngoma au kwaya ikiitikia kwa pamoja hupanda juu sana ya hapo, na miksa nyingi zinaweza kufika +20 dBu bila kupasua. Hiyo ni volti 7.75. Tundu la kifaa cha nyumbani kwa kawaida limetayarishwa kwa volti 2 hivi, kiasi ambacho deki ya CD hutoa ikifika mwisho wake. Kinachozidi hukatwa kichwa, na huko kukatwa ndiko sikio linakosikia kama mkwaruzo.

Hapa ndipo watu wanapohangaika bure: wanashusha sauti kwenye sabufa. Sauti inakuwa ndogo, lakini mkwaruzo unabaki, hasa kwenye herufi s na kwenye matoazi. Sababu ni kwamba katika vifaa vingi vya siku hizi, vile vya rimoti na Bluetooth, umeme wa sauti hupita kwanza kwenye saketi ya kupokea, kisha ndipo hufika mahali unapoongezwa au kupunguzwa. Umeshaharibika mlangoni. Kupunguza baadaye ni kusikia uharibifu uleule kwa sauti ya chini.

Njia nyingine ni kushusha sauti kuu ya miksa. Itafanya kazi, ila njia hiyohiyo ndiyo inayolisha spika za ukumbini, kwa hiyo umewanyima watu ukumbini ili kuiridhisha kamera. Kama miksa yako ina njia ya AUX, yaani njia ya ziada ya kutolea sauti, iliyo huru, itumie hiyo na ushushe huko. Na kabla hujatumia hela yoyote, angalia nyuma ya miksa. Nyingi zina matundu ya RCA yaliyoandikwa REC OUT au TAPE OUT, na hayo mara nyingi hutoka katika kiwango cha nyumbani tayari. Nyingine zina swichi ndogo ya +4/-10. Tumeshawarudisha wateja nyumbani na waya wa RCA wa kawaida, na tutaendelea kufanya hivyo, kwa sababu hakuna haja ya kumuuzia mtu kitu ambacho miksa yake inacho.

Ikikosekana hiyo, dawa ni kipunguzaji kinachokaa njiani. Kwa njia moja ya sauti ni rezista mbili: ya kilo-omu 3.3 inapita mbele, na ya kilo-omu 1 inashuka chini kwenye ardhi, yaani waya wa pamoja wa plagi, baada yake. Hizo zinapunguza desibeli 12 na ushee. Tunazichomelea ndani ya plagi yenyewe, upande wa kifaa kinachopokea, ili waya mrefu ubebe sauti yenye nguvu na makelele ya njiani yapunguzwe pamoja nayo.

Kamera ina jambo lake. Tundu lake la milimita 3.5 lililoandikwa MIC linangoja maiki, na maiki hutoa milivolti chache tu. Desibeli 12 hazitoshi hapo. Tunapunguza 40 hivi, kwa rezista ya kilo-omu 10 na nyingine ya omu 100. Kamera nyingi pia hutoa umeme mdogo kwenye tundu hilo kwa ajili ya kuiwasha maiki, kwa hiyo tunaongeza kapasita ya kuuzuia usirudi kwenye miksa. Ikiwa kamera yako ina sehemu ya kuchagua LINE, chagua hiyo, utahitaji kupunguza kidogo sana.

Kuna kosa moja la waya ambalo linatuuma kwa sababu mwenye kazi haligundui mpaka watazamaji waanze kulalamika. Miksa hutoa sauti kwa nyaya mbili zinazokwenda kinyume: pini ya 2 ya XLR, ile plagi ya duara yenye pini tatu, inabeba sauti, pini ya 3 inabeba sauti hiyohiyo iliyogeuzwa, na pini ya 1 ni ardhi. Mtu ananunua waya wenye XLR upande mmoja na plagi ndogo ya stereo upande wa pili, anachomeka kwenye kamera. Pini ya 2 inaingia kushoto, pini ya 3 inaingia kulia. Kwenye hedifoni atasikia sauti, ingawa itakuwa ya ajabu kidogo, kama inatoka pande zote na haina katikati. Lakini anayetazama kwa simu yenye spika moja, kushoto na kulia vinajumlishwa, na vitu viwili vilivyo kinyume vikijumlishwa vinafutana. Mchungaji anafungua mdomo, sauti haitoki. Ukirekodi harusi, sikiliza kipande kwa spika ya simu kabla maharusi hawajaingia.

Upande wa kupeleka sauti kwenye miksa, kosa hilohilo hujirudia. Simu inayocheza wimbo ikichomekwa kwa waya wa aina hiyo kwenye tundu moja la maiki, mwimbaji anapotea na kubaki mwangwi na vinanda vya pembeni. Na hakikisha ile volti 48 ya kuwashia maiki imezimwa kwenye chaneli hiyo. Simu haikutengenezwa kwa ajili yake.

Mtu asikudanganye kwamba ukiunganisha miksa na kifaa cha nyumbani, pini ya 3 hufungwa kwa namna moja kila mahali. Kwenye miksa nyingine inaunganishwa na ardhi, kwenye nyingine inaachwa wazi, kutegemea saketi ya ndani. Ndiyo maana tunauliza jina na modeli ya miksa kabla ya kukata waya.

Ukisikia mngurumo mzito usiobadilika, hilo si suala la kiwango. Ni umeme wa ukutani, wa hezi 50, unaozunguka kati ya vifaa viwili vilivyochomekwa sehemu tofauti. Kisanduku chenye transfoma ya kutenganisha hulimaliza. Tafadhali usikate waya wa ardhi kwenye plagi ya umeme ili mngurumo uishe. Waya huo ndio unaomlinda mtu aliyeshika maiki, na hatumfanyii mteja yeyote kazi hiyo hata akituomba.

Ukija dukani, au ukituandikia, tuletee picha ya nyuma ya miksa na picha ya tundu la kifaa kinachopokea, maandishi yasomeke. Tuambie urefu wa waya unaohitaji na kama vifaa hivyo viwili vinatumia soketi moja ya umeme. Ukiweza kuja na miksa yenyewe, tutapitisha mlio mmoja usiobadilika mpaka taa za kipimo zifike sifuri, kisha tutapima kwa mita kati ya pini ya 2 na ya 3. Watengenezaji wengine huweka sifuri yao kwenye volti 1.23, wengine kwenye 0.775, na kipunguzaji tutakachokutengenezea kitafuata namba tutakayoisoma hapo.