Mboji ya Kongo ilindwe kabla haijakauka

Mhariri,

Katika ardhi ya mboji, yaani udongo mweusi wa mimea isiyooza kwa kuwa imezama majini kwa maelfu ya miaka, moto huweza kufukuta chini kwa wiki kadhaa hata baada ya miali kutoweka. Wakazi wa Kalimantan, nchini Indonesia, wanalijua hilo. Mwaka 1996 serikali yao ilianza kuchimba mifereji ili takriban hekta milioni moja zigeuzwe mashamba ya mpunga; mpunga haukustawi, mboji ikakauka, na mwaka 1997 ikawaka.

Tiba huanzia kwenye maji, miti hufuata. Mifereji ikizibwa, maji hupanda, hewa hukosa njia ya kuifikia mboji, na kaboni iliyosalia hubaki ardhini. Ndiyo maana kanuni ya Indonesia ya mwaka 2016 inataka maji yasishuke zaidi ya sentimita 40 chini ya uso wa ardhi. Lakini iliyokwisha kuungua hairudi upesi, kwani mboji hujijenga kwa takriban milimita moja tu kwa mwaka, na shimo la nusu mita lililoachwa na moto huhitaji karne kadhaa kujaa.

Mboji ya bonde la Kongo, yenye takriban tani bilioni 30 za kaboni, kwa sehemu kubwa bado imelowa. Nawasihi wakuu wa Kinshasa na Brazzaville wasiidhinishe mfereji, barabara wala kisima cha mafuta kitakachoikausha.

Msomaji wenu,
Kisangani