Mafundi wa Mombasa, pimeni kwanza kabla ya kutuuzia gesi

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lenu niongee na mafundi wa magari wa hapa Mombasa, na wenye magari pia, manake hili jambo la kuuziwa gesi ya AC bila gari kupimwa limenikuta mie mwenyewe na najua siko peke yangu.

Mie ni dereva wa teksi, kazi yangu kubwa ni kubeba abiria wa treni kutoka Miritini niwapeleke Nyali, Bamburi, wengine mpaka Mtwapa. Mtu katoka Nairobi na sweta lake mkononi, akiingia tu kwa gari neno la kwanza ni "dere, washa AC". Sasa mwezi wa pili kaskazi inachoma vile mnavyoijua, nawasha namba moja kimya, mbili kimya, tatu kimya, nikifika ya nne ndio upepo unatoka kwa kishindo kama jenereta. Nikasema sawa, bora inapuliza, nikaenda na hiyo ya nne wiki tatu hivi. Halafu mchana mmoja niko kwa foleni ya Makupa, mama mmoja na watoto wake wawili wako nyuma, na ya nne nayo ikafa. Vioo vyote chini, moshi wa malori ya kontena wote ndani. Yule mama hakusema neno ila alivyokuwa akijipepea na tiketi ya treni nilielewa.

Fundi wa kwanza hakugusa hata dashibodi. Kanisikiza nusu, akasema gesi imeisha. Nikalipa elfu tatu akajaza gesi na feni bado haipulizi. Sasa jamani, gesi kazi yake ni baridi, upepo ni kazi ya feni, gari hata ikiwa haina gesi kabisa feni inafaa ipulize, ipulize joto lakini ipulize! Nilipomrudia akafungua boneti akanionyesha feni ya rejeta, "si hii hapa ami, inazunguka vizuri". Yakhe, hiyo ni ya kupoza rejeta na kondensa, mie nalilia ile ya ndani, wenyewe wanaiita blowa, imejificha chini ya dashibodi upande wa abiria.

Wa pili ndiye hatari. Huyo alitaka kutoa fyuzi aweke kubwa zaidi, ati iliyoko haina nguvu, na fyuzi yenyewe haikuwa imeungua! Nilikataa. Ukiweka fyuzi kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwa kifuniko cha boksi lake, siku umeme ukizidi yenyewe haikatiki, zinaungua nyaya, na hizo nyaya zimepita nyuma ya plastiki na kapeti, na wewe umekaa hapo juu.

Wa tatu ni kijana wa waya huku Changamwe, kibanda chake ni mabati manne chini ya mwembe. Huyu aliniuliza swali ambalo wale wawili hawakuuliza: "Ami, ilianza kufa vipi?" Nikamweleza moja, mbili na tatu zilikwenda kwanza, ya nne ikafuata. Akacheka, akaniambia ushanijibu nusu. Kumbe hizo spidi za chini zinapita kwa kidude kinaitwa rezista, ndicho kinapunguza umeme ili feni izunguke polepole, na namba nne haipunguzwi, inakwenda moja kwa moja. Kwa hivyo ukiona moja mpaka tatu zimekufa na nne iko hai, mota haijafa, anza na rezista. Hii ni kwa gari zenye swichi ya kuzungusha. Zile za AC ya kujiendesha yenyewe, za vitufe na kioo cha namba, nyingi zina kontrola ya elektroniki mahali pa rezista, kwa hivyo dalili zake si hizi.

Hata hivyo hakunituma dukani. Alichukua testa, ile ya balbu na msumari, akagusa fyuzi pande zote mbili, ikawaka. Akachomoa plagi ya mota, swichi iko nne, akaweka testa kwa pini zote mbili, haikuwaka, yaani umeme haufiki kwa mota. Akachukua nyaya mbili akaipa mota umeme moja kwa moja kutoka kwa betri, ikazunguka, lakini nzito, na inalia kama mlango wa zizi. Ndipo akaifuata plagi ya rezista, haitoki, imeshikana, na ilipotoka plastiki imekuwa kahawia na pini moja nyeusi tititi. Kwa gari yangu hata umeme wa namba nne unapita kwa hiyo plagi, ndio maana na yenyewe ilikata.

Mie nikaona tumemaliza. Akasema nikikuwekea rezista mpya sasa hivi mwezi ujao utanirudia. Akashusha kile kisanduku cha mbele ya abiria, akavuta filta, ile inayochuja upepo wa feni. Mhariri, ungeona! Imeziba kama kifumbu kilichosahauliwa kuoshwa tangu Ramadhani, na ndani ya gurudumu la feni majani makavu ya mwarobaini yamejaa. Mie kila siku naegesha chini ya mwarobaini kwa sababu ya kivuli, na majani yanaingia kwa zile nyufa za chini ya waipa. Rezista imewekwa ndani ya njia ya upepo kusudi ipoe, sasa upepo hamna, na mota inavuta umeme mwingi sababu imelemewa, itaacha kuungua?

Akasafisha, akapaka mafuta kidogo, akaweka rezista na plagi nyingine na filta mpya, jumla yote haikufika pesa ya ile gesi. Akanigawia na ujanja mmoja, blowa ikigoma kabisa ipige mota kofi dogo kwa chini, ikistuka ikazunguka basi ni kaboni, zile za ndani zinazoipelekea mota umeme, zimeisha, jiandae kununua mota.

Ombi langu kwa mafundi ni dogo. Testa ni bei ya sahani ya biriani. Pima mbele ya mteja, balbu ikiwaka aione na isipowaka aione, halafu ndio useme spea gani. Na msituambie AC ni starehe, masika ikianza hiyo hiyo feni ndiyo inayofuta ukungu kwa kioo cha mbele, bila hiyo utaendesha usiku na tambara mkononi.

Ile plagi iliyoungua ninayo kwa dashibodi, yule fundi wa gesi akitaka kuiona anajua stendi yangu.

Dereva wa teksi,
Changamwe, Mombasa