Dawa ya mgongo na dawa ya sonona zisikutane kimyakimya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo linalonikera kila msimu wa korosho unapofika huku Masasi. Watu wanashinda mashambani wameinama wakiokota, na jioni wanajaa madukani kwetu kutafuta dawa ya mgongo. "Nipe diklo." "Nipe ile ya mchanganyiko." Kwa wengi, vidonge vya siku mbili tatu havina neno. Ninayemhofia ni yule aliyemeza kidonge cha sonona asubuhi na hasemi.

Hasemi, na simlaumu. Nyuma yake wamesimama jirani, shemeji na mwalimu wa mtoto wake. Nani atataja pale dirishani kwamba anahudhuria kliniki ya afya ya akili? Kabla ya magharibi mtaa mzima una habari. Basi ananyamaza, nasi tunauliza lile swali letu la siku zote, "una vidonda vya tumbo?", na akijibu hapana tunamkatia.

Dawa za sonona kama fluoksetini, setralini na sitalopramu hufanya kazi kwenye serotonini, kemikali ya ubongo. Sasa, serotonini hiyohiyo inahitajiwa na chembe sahani, zile zinazoziba jeraha ili damu ikome. Chembe sahani huifyonza kutoka kwenye damu, na dawa hizi zinazizuia kuifyonza. Upande wa pili, dawa za maumivu kama diklofenaki (ndiyo hiyo "diklo"), ibuprofeni na aspirini hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo. Moja inachubua, nyingine inachelewesha kuziba. Hatari ya tumbo kuvuja damu inapanda zikitumiwa pamoja, na zaidi kwa mzee, kwa aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo, na kwa anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe).

Kuna imani kwamba ukishiba kwanza umemaliza kazi, au kwamba sindano ya diklofenaki ni salama kwa kuwa haipiti tumboni. Si kweli. Dawa hiyo hulifikia tumbo kwa njia ya damu, hata ukichomwa kwenye paja.

Anayetumia dawa za sonona aanze na paracetamoli. Mtu mzima anameza vidonge viwili vya miligramu 500, anaacha angalau saa 4 kabla ya kurudia, na visizidi 8 ndani ya saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, mtu aliyekonda sana, na yule ambaye uraka, pombe ya mabibo, haumpiti hata siku moja waulize kwanza, maana kiasi chao huwa kidogo zaidi. Wote wachunge kitu kimoja: dawa nyingi za mafua, pamoja na hiyo "ya mchanganyiko", zina paracetamoli ndani. Ukizijumlisha bila kujua, ini ndilo linaloumia. Kwa goti au bega, diklofenaki ya kupaka inaingia mwilini kwa kiasi kidogo sana kuliko ya kumeza, ila hata hiyo mwambie anayekutibu.

Tramadoli ni habari nyingine kabisa. Ni dawa ya cheti, lakini sote tunajua inavyozunguka vijiweni. Ikikutana na dawa za sonona, hata amitriptilini ya zamani, inaweza kuleta degedege, au serotonini ikazidi mwilini: mtu anatetemeka, anatokwa jasho, joto linapanda, moyo unakwenda mbio, anachanganyikiwa. Huyo hasubiri kupambazuke. Akimbizwe hospitali.

Sisi wauzaji tuna la kurekebisha. Mkasi unakata karatasi ya vidonge katikati ya jina la dawa, nusu ya jina inabaki dukani, mteja anaondoka na bahasha iliyoandikwa "2x3" na basi. Akizidiwa usiku, daktari atajuaje kameza nini? Tuandike jina. Na swali tulibadilishe, tumuulize kila mteja kwa sauti ya chini: "Kuna dawa unayomeza kila siku?" Halazimiki kutaja ugonjwa. Atoe tu bahasha yake tuisome.

Kliniki nazo nazisihi ziongeze mstari mmoja kwenye daftari la mgonjwa, kwa Kiswahili kinachosomeka: akiumwa kichwa au mgongo anunue hiki, asinunue kile. Pale inapolazimu kutumia dawa zote mbili, daktari anaweza kuongeza omeprazoli ya kulinda tumbo. Uamuzi huo ni wake. Mimi dirishani sina mamlaka nao.

Mtu asisome barua hii akatupa dawa ya sonona. Kuiacha ghafla kuna madhara yake, na ugonjwa unaweza kurudi. Fluoksetini yenyewe hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo kuiruka leo ili umeze diklofenaki kesho hakusaidii kitu. Ambaye tayari amezichanganya aache kwanza ya maumivu, aulize. Akiona choo cheusi kama lami, kinachonata, au akitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, afike hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda siku hiyohiyo. Vidonge vya kuongeza damu navyo hutia choo weusi, hasa kwa wajawazito wetu, lakini kazi ya kutofautisha mawili hayo tumwachie daktari.

Mtoa dawa, duka la dawa muhimu
Masasi, Mtwara