Wanaokwenda kufundisha ng'ambo waandaliwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze niliyoyapitia nchini Ufini, nilikokwenda kutoka hapa Mombasa katika mpango wa kubadilishana wanafunzi wa ualimu.

Niliondoka nikihofia kwamba mtandio wangu ungezua maswali mengi, lakini watoto waliuliza siku moja tu, kisha wakarudi kwenye hesabu zao. Kilichonitatiza hasa ni nyakati za sala. Mjini Helsinki, mwezi wa Disemba, jua huzama kama saa tisa na robo, nami niliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili na ushei nilijikuta adhuhuri na alasiri zote zimebanana ndani ya vipindi. Mwalimu aliyenisimamia alinifungulia chumba cha kuhifadhia ramani, akasogeza maboksi ili nipate pa kutandika mswala, na kila mapumziko ya robo saa yalipofika alinikabidhi ufunguo bila kuuliza neno. Namshukuru mpaka leo.

Chakula cha mchana shuleni ni cha bure kwa wanafunzi tangu mwaka 1948, ila siku za kwanza nilikula viazi na mkate tu, kwa kuwa sikujua kuulizia nyama ya nguruwe kwa lugha yao.

Waliotupeleka walituelekeza kuhusu viza na makoti, wasitaje sala wala chakula. Nawasihi wawakutanishe wanaoondoka na sisi tuliotangulia, na wazijulishe mapema shule zitakazowapokea.

Mwanafunzi wa ualimu,
Kisauni, Mombasa