Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekesha kazini

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia hadharani bila kulitaja jina lako, kwa sababu vijana wengi wa Nairobi wanaofanya zamu za usiku wanaishi kama unavyoishi, na kwa sababu nikikupigia simu unakimbilia kusema kwamba uko sawa.

Juzi ulipokuja nyumbani mkono wako ulitetemeka hadi chai ikamwagika kwenye kisahani. Ulisema ni uchovu. Mimi naona ni zaidi ya hapo: usiku unatafuna muguka, yale majani ya kuamsha, na kunywa kahawa ili usisinzie, na ukirudi Kayole asubuhi unameza tembe za usingizi ulizouziwa bila maagizo ya daktari, wakati mwingine ukizisindikiza kwa bia.

Kemikali kuu inayoziamsha seli za ubongo ni glutameti, na inayozituliza ni GABA. Hizi mbili hazina uadui, kwani GABA hutengenezwa kutokana na glutameti yenyewe, kwa kimeng'enya kinachohitaji vitamini B6. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huvuruga vitamini hiyo, ndiyo maana wagonjwa wengi huandikiwa B6 pamoja nayo. Na mtu akiimeza dawa hiyo kupita kiasi, GABA hupungua hadi akapatwa na degedege. Utulivu wa ubongo, basi, unategemea kazi ya mwili inayoweza kuharibika.

Kahawa huiziba adenosini, kemikali inayojikusanya kadiri tunavyokaa macho na kutuletea usingizi, na kwa watu wengi nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa 5. Muguka nayo ina kathinoni, inayofanya dopamini na noradrenalini, kemikali za ubongo zinazochangamsha, zimwagike kwa wingi. Ndipo unapolala saa 2 asubuhi huku moyo ukienda mbio.

Linalonitia hofu hasa ni tembe. Kama ni za jamii ya dayazepamu, dawa ya kutuliza iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, basi huongeza nguvu ya GABA. Pombe nayo hufanya hivyo, na juu yake huizuia glutameti. Zikikutana, pumzi inaweza kupungua hadi mtu asiamke. Ukizitumia kwa muda mrefu, ubongo hujirekebisha kwa kupunguza mwitikio wake kwa GABA na kuongeza upande wa kuamsha, kwa hiyo ukiziacha ghafla, upande huo hubaki bila kizuizi: jasho, kutetemeka, kukosa usingizi, na hata degedege linaloweza kuua. Nakusihi, usizitupe chooni leo kwa hasira ya kusoma barua hii. Daktari hupunguza kipimo kidogo kidogo, pengine kwa wiki nyingi.

Kuhusu vidonge vya GABA vinavyotangazwa mtandaoni, ningekushauri uhifadhi pesa zako, maana ushahidi wake ni hafifu. Ndizi, samaki na dengu vina B6 ya kukutosha. Kahawa iishie mwanzoni mwa zamu, na dirisha la chumba chako lipate pazia zito.

Siku yako ya mapumziko nitakuja asubuhi twende kliniki pamoja. Beba pakiti ya tembe, hata ikiwa tupu, ili daktari asome jina na kipimo chake.

Ni mimi, ndugu yako mkubwa.